Nyimbo za filamu za katuni za Kijapani: kinywa cha Mswahili kinaziweza, njooni tuziimbe

Mwalimu wa Solfa (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha kwaya ya watoto kila Jumamosi, watoto kumi na wawili na kinanda kimoja. Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja na kompyuta yake akawawekea My Neighbor Totoro wakati wananisubiri nimalizane na mzazi mmoja. Filamu ile inaanza na wimbo wa kutembea, "Sanpo", maana yake matembezi. Watoto wakaomba urudiwe. Uliporudiwa mara ya tatu walikuwa wameshaushika mstari wa kwanza na wanautamka sawasawa, na hakuna kati yao aliyewahi kusikia Kijapani maishani mwake. Watoto haohao, wimbo wa Kiingereza wa mistari minne ulinichukua Jumamosi tatu, na mpaka leo maneno ya mwisho wanayameza.

Jambo hilo halikunitoka kichwani. Nimekaa nalo, nimesikiliza filamu moja baada ya nyingine, nimejaza daftari zima la solfa, na sasa naona lazima niliseme mbele za watu: nyimbo hizi zinakaa kwenye kinywa cha Mswahili kuliko nyimbo nyingi za kigeni tunazoimba miaka yote. Humu wapenzi wa katuni za Kijapani ni wengi, nawaona, ila tukifika kwenye nyimbo tunaishia kuweka kiungo na kusifia. Mimi nataka tuziimbe wenyewe. Tuzipige pia, kwa kinanda, gitaa, filimbi, chochote ulichonacho nyumbani.

Nianze na mambo ya kinywa, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Kijapani kina irabu tano: a, i, u, e, o. Ni hizihizi zetu. Silabi zao karibu zote zinaishia na irabu kama zetu. To-to-ro. Po-nyo. Hiyo "nyo" wengine inawatoa jasho, sisi tuna nyota, nyoka na nyoyo. Irabu ndefu wanaihesabu mara mbili: neno "arukoo", yaani tutembee, ni a-ru-ko-o, mapigo manne. Nani kati yetu anahitaji kufundishwa hilo, wakati tunasema kaa, mzee na kuu tangu utotoni?

Halafu kuna ile n inayosimama peke yake. Sanpo wanaitamka "sampo", na ni mapigo matatu: sa-m-po. Watu wa lugha nyingine huiminya ikawa mawili. Sisi tumezoea m-tu, m-ti, n-chi, n-ne. Chukueni wimbo wa mwisho wa Spirited Away, "Itsumo nando demo". Maneno yake ya kwanza ni "yonde iru" na yamewekewa noti tano: do re mi do so. Yo iko kwenye do, n peke yake iko kwenye re, de kwenye mi, i kwenye do, ru inapanda so. Hiyo n usiikimbize. Iache iimbe puani kwenye re yake, kama unavyoiimba m ya "mfalme" kanisani.

Lililonifurahisha kuliko yote ni hili. Waimbaji waliofundishwa kwa utaratibu wa zamani wa Kijapani, g ikiwa katikati ya neno wanaipeleka puani, inakuwa ng' ya ng'ombe. Kwenye mstari wa kwanza wa "Kimi wo Nosete", wimbo wa Castle in the Sky, kuna neno "kagayaku". Kwa utaratibu huo linaimbwa "kang'ayaku". Na maana yake, wakuu, ni kung'aa.

Kinachotuharibia ni mkazo. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na bila kujua tunaubeba hadi kwenye lugha za watu. Kijapani hakikandamizi silabi namna hiyo, sauti hupanda na kushuka tu. Dawa yake ni kuimba kila silabi kwa uzito mmoja na kuacha noti zikupandishe na kukushusha. Watoto wangu walilipata hilo haraka nilipowaambia waimbe kama wanahesabu mawe ya bao.

Na si kwa bahati kwamba watoto waliushika ule wa Totoro. Hayao Miyazaki, mwongozaji wake, alipokuwa anaandaa filamu hiyo aliandika kwenye maelezo yake kwamba watoto wanataka nyimbo za kuimba kwa kinywa wazi na sauti yote. Maneno ya "Sanpo" akampa Rieko Nakagawa, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyewahi kuwa mwalimu wa watoto wa chekechea. Muziki ni wa Joe Hisaishi na mwimbaji ni Azumi Inoue. Filamu ilitoka 1988, nyimbo zikiwa tayari kwenye albamu tangu 1987. Ndiyo ilikuwa kawaida ya Hisaishi kwa filamu nyingi za Miyazaki: alianza na albamu kutokana na michoro na maelezo ya mwongozaji, filamu yenyewe ikiwa bado jikoni.

Kuhusu jina lake. Alizaliwa 1950 akiitwa Mamoru Fujisawa, na jina la kazi alilitengeneza kwa kumfuata Quincy Jones: Quincy likawa Kuishi, Jones likawa Joo. Herufi alizochagua kuandikia Kuishi husomeka pia Hisaishi, ndilo tunalolijua leo. Kwa hiyo nyuma ya jina la mtunzi huyu kuna neno letu kuishi. Wao wana maana yao na sisi tuna yetu, lakini tangu nilijue hilo kila nikiliona jina lake nalisoma kwa Kiswahili.

Kwa anayeanza: kama una watoto, anza na "Sanpo". Kama unaimba peke yako jioni, "Itsumo nando demo". Kama una kwaya ya sauti nne, "Kimi wo Nosete", na kule Japani kwaya za shule zinauimba sana. Unaanza la ti do ti do mi ti, tangu noti ya kwanza unajua kuna mtu anaondoka nyumbani. Neno "wo" hapo tamka "o".

Nani anapiga nini humu? Mmekwama wapi?

---

Kinanda cha Usiku (Dar es Salaam)

Mwalimu, uzi umekuja wakati wake.

Mimi siimbi, napiga. Nilinunua kinanda cha oktava tano cha mtumba miaka miwili iliyopita kwa sababu ya kipande kimoja tu, ule wa Howl's Moving Castle, "Merry-Go-Round of Life". Filamu ni ya 2004. Wimbo ni waltzi, moja mbili tatu, na ukiiangalia filamu vizuri utaona sehemu kubwa ya muziki ni wimbo huohuo umevaa nguo tofauti. Mara piano peke yake, mara okestra nzima, mara polepole kana kwamba umechoka. Ndiyo maana mtu akimaliza filamu anautoa kichwani bila kujua ameujua saa ngapi.

Kwa wanaojifunza: msiukimbilie mkono wa kulia. Mimi nilipoteza miezi mitatu hapo. Anza na wa kushoto, besi kwenye moja, kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nyepesi kwenye mbili na tatu, na usizikandamize hizo mbili za mwisho. Ukiweza kuuzungusha mkono wa kushoto huku unaongea na mtu, ndipo uulete wa kulia. Kinanda kisicho na pedali kinawezekana, ila shikilia besi kwa kidole cha mwisho mpaka kodi ya pili ipite.

Ukishauweza huo, nenda kwenye wa ufunguzi wa Spirited Away, "One Summer's Day". Zile kodi za mwanzo zinapigwa chache na mbalimbali, katikati kuna ukimya. Unaogopa kuuacha ukimya. Uache.

Na kuna tamasha la Hisaishi la 2008 pale Budokan, Tokyo, la kuadhimisha miaka 25 ya kazi yake na Miyazaki. Okestra, kwaya za watu wazima, kwaya ya watoto, waimbaji na wapigaji zaidi ya 1,000 kwa pamoja. Angalieni sehemu ya Totoro, ukumbi mzima unapoimba.

---

Binti wa Kilifi

Mwalimu wangu, umesema mengi ya kinywa ila hukugusa "tsu" ya "Itsumo". Hapo rafiki zangu wa bara wote wanakwama, wanasema "isumo" au "itisumo".

Sisi Wagiriama hiyo sauti tunayo. Mahindi kwetu ni matsere. Aliye na jirani Mgiriama amwombe amtamkie matsere mara kumi, halafu arudi kwenye wimbo. Asiye naye, weka ncha ya ulimi kama unataka kusema t, halafu toa s hapohapo bila kupumua katikati.

---

Mwalimu wa Solfa

Dada, Mungu akubariki. Nimewajaribisha matsere watoto watatu wa jirani sasa hivi na wawili wameipata papo hapo. Hii naiweka kwenye daftari.

---

Teno wa Pili (Arusha)

Nawasalimu wote. Nina neno ambalo huenda lisipendeze.

Mimi nimeimba kwaya miaka ishirini na mbili. Nimeimba Kilatini, Kizulu, Kijerumani, na nakiri mara nyingi sikujua nasema nini. Nilikuwa natoa sauti nzuri tu. Sasa naona uzi huu unatupeleka kulekule: maneno yanakaa vizuri mdomoni, basi tuimbe. Mwalimu, kinywa si kila kitu. Wimbo ni habari. Mtoto akiimba asichokielewa anakariri, na kukariri hakumwachii kitu. Kwa nini tusitafsiri kwanza?

Nikiri pia kwamba wimbo wa Princess Mononoke, filamu ya 1997, umenishika. Mwimbaji, Yoshikazu Mera, ni mwanamume na anaimba huko juu wanakoimba akina mama, bila kubana koo, bila kuigiza mwanamke. Mwalimu wetu wa zamani alitukataza wanaume kugusa sauti hiyo, alisema ni aibu. Nilipomsikia Mera niliona wazi kwamba tulinyimwa kitu. Muziki ni wa Hisaishi, maneno ni ya Miyazaki mwenyewe. Ni mafupi kabisa, na nisingejua yanasema nini mpaka mwanangu aliponitafutia.

---

Mwalimu wa Solfa

Kaka, neno lako linapendeza sana na nimelilalia usiku mzima.

Nakubali nusu. Nakubali kwamba kabla ya kuimba hadharani mtu ajue kila mstari unasema nini. Nimeanza kufanya hivyo: naandika mstari wa Kijapani, chini yake Kiswahili cha kawaida kisichoimbika, watoto wanakisoma kwa sauti, ndipo tunaimba. "Itsumo nando demo" yenyewe ni kama kusema kila mara, hata iwe mara ngapi. Maneno aliandika Wakako Kaku, na yanaongelea huzuni ambayo mtu haachi kurudi kwayo, na jinsi anavyoendelea hivyohivyo. Nilipowaeleza watoto, msichana mmoja wa darasa la sita alinyamaza, na tangu siku hiyo anauimba kwa sauti ndogo kuliko wenzake. Sijamrekebisha.

Ila kwamba asichokielewa hakimwachii kitu, hapo naomba tubishane. Sikiliza Nausicaä of the Valley of the Wind, filamu ya 1984, ya kwanza Hisaishi kufanya na Miyazaki. Kuna sauti ya mtoto inaimba "ran ran" na "rara" tu, hakuna neno hata moja. Mwimbaji ni binti yake Hisaishi, Mai, akiwa na miaka minne. Nioneshe mtu aliyeitazama filamu ile akaniambia hakuachiwa kitu na sauti ile.

Kuhusu kutafsiri kwa kuimba, naiogopa kidogo. Silabi zetu ni nyingi kuliko tunavyodhani. Wao wanasema "kimi", silabi mbili, sisi tunasema "wewe", mbili, hapo sawa. Lakini mara kitenzi kikija na viambishi vyake, a-ta-ku-ka-ri-bi-sha, noti zimekwisha na bado uko njiani.

---

Udi wa Ng'ambo (Unguja)

Assalaam alaykum jamaa zangu.

Mie nimeingia huku kwa njia ya pembeni. Mjukuu wangu wa kike alikuwa anaangalia Whisper of the Heart, nami napita na kikombe changu cha kahawa. Nikasikia fidla. Nikasimama. Kijana yumo kwenye karakana ya babu yake, anapiga fidla, msichana anaimba kwa haya. Mara wanaingia wazee watatu, kila mmoja anachukua ala yake kimyakimya na kujiunga. Mmoja kashika luti.

Luti ni mtoto wa udi. Wazungu waliuchukua kwa Waarabu na hata jina walilichukua, al-udi likawa luti. Mie napiga udi katika kikundi chetu cha taarabu tangu ujana. Nilimwambia mjukuu arudishe nyuma, nikamtazama yule mzee mkono wa kulia, namna anavyouingiza wimbo asiujue mbele unakwenda wapi. Hivyo ndivyo tunavyofanya sisi. Mwimbaji akianza jambo jipya humkatizi, unamtafuta chini chini mpaka umpate, halafu unamshika mkono.

Usiku ule nilichukua udi wangu tukaupiga wimbo ule pamoja, mie na mjukuu, yeye akiimba Kijapani chake. Hajapata kuniomba nimpigie kitu kabla ya siku ile. Sasa kila Ijumaa baada ya chakula cha usiku anauleta udi mwenyewe.

---

Njia Panda (Nakuru)

Shikamoo mzee wangu wa Unguja. Huo wimbo uliosikia ni "Take Me Home, Country Roads". Wa John Denver, 1971. Sisi Kenya tumelelewa nao. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na Jumapili asubuhi redio ilikuwa lazima iwe kwa muziki wa kantri, na huo ukicheza hakuna mtu aliruhusiwa kuongea.

Ndio maana nilishtuka kuupata ndani ya katuni ya Kijapani. Filamu ni ya 1995, mwongozaji ni Yoshifumi Kondo, na inafunguliwa na sauti ya Olivia Newton-John akiuimba kwa Kiingereza. Lakini jambo lenyewe linakuja baadaye. Shizuku, yule msichana, anajaribu kuuandikia maneno ya Kijapani kwa ajili ya shule. Kwanza anaandika ya mzaha, "Barabara ya Saruji", kuhusu mtaa wao wa magharibi mwa Tokyo ambako msitu umekatwa na bonde limefukiwa. Halafu anaandika ya kweli.

Hayo ya kweli, nje ya filamu, yaliandikwa na Mamiko Suzuki, binti wa mtayarishaji Toshio Suzuki, na Miyazaki akatia mkono wake. Anayeimba ni Yoko Honna, sauti ya Shizuku mwenyewe. Na wameugeuza wimbo. Denver anaiomba barabara impeleke nyumbani. Huyu wa Kijapani aliondoka peke yake, anaijua barabara inakwenda kwao, anatamani kuirudia, na anasema hatarudi. Anaaga barabara.

Mimi niliondoka kijijini nikiwa na miaka kumi na tisa. Kila mtu alinijulia ule wimbo wa kwanza: nyumbani ni nyumbani, utarudi. Hakuna aliyenipa wimbo wa yule ambaye anapenda kwao na ameamua kubaki alikoenda. Nimeupata kwa Kijapani nikiwa na miaka thelathini na nne. Niliusikiliza kwa matatu nikitoka kazini na nilishuka kituo kimoja mbele ya kwangu ili uishe.

Kwa wapiga gitaa: kodi ni zilezile za kantri. G, Em, D, C, na ile F ya kupita kidogo tu katikati. Ukiijua ya Denver unaijua hii. Tofauti iko kwa mkono wa kulia, punguza kuchapa, chambua nyuzi moja moja.

---

Teno wa Pili

Njia Panda, umenijibu bila kunitaja. Hilo ndilo nililokuwa natafuta. Yule binti hakutafsiri. Aliuchukua wimbo wa watu, akautazama mtaa wake, akaandika ya kwake. Mwalimu, hofu yako ya silabi inaondoka hapo. Tusitafsiri Kijapani. Tuandike yetu juu ya noti zao kwa matumizi ya nyumbani na mazoezi, na Kijapani tukiimbe kama kilivyo, tukijua maana.

---

Mwana wa Tanganyika (Bujumbura)

Niongeze kidogo kwa wenye Kifaransa, huku kwetu tuko wengi. Porco Rosso ya 1992. Bi Gina anaimba hotelini "Le Temps des cerises" kwa Kifaransa safi kabisa, marubani wote wametulia. Aliyeimba ni Tokiko Kato, na ndiye huyohuyo aliyempa Gina sauti ya kuongea. Wimbo ni wa Ufaransa wa karne ya kumi na tisa, maneno ya Jean-Baptiste Clément, na baada ya 1871 watu wa Paris waliushika kama kumbukumbu ya Komyuni yao, serikali ya wananchi wa mji ule iliyozimwa kwa damu. Kwa hiyo juu ni wimbo wa matunda na mapenzi, chini kuna makaburi. Na Gina ameshazika waume watatu, wote marubani. Ukijua hayo, ile sehemu huitazami tena vilevile.

---

Baba Rehema (Dodoma)

Naomba msaada. Binti yangu ana miaka saba na hataki kitu kingine ila "Ponyo". Anataka niimbe naye. Mimi sauti yangu ni besi ya chini kabisa, naona namharibia.

---

Mwalimu wa Solfa

Humharibii hata kidogo, baba. Wimbo ule ndivyo ulivyotengenezwa. Kwenye rekodi ya filamu ya 2008 anaimba mtoto wa miaka minane, Nozomi Ohashi, pamoja na wanaume wawili wazima, Fujioka na Fujimaki. Na hao wanaume hawaimbi kwa madaha, wanaimba kama baba aliyerudi kazini amekaa kibarazani. Mwache Rehema aongoze, wewe mfuate oktava moja chini yake. Akikosea, kosea naye.

---

Kinanda cha Usiku

Mwalimu, hukumaliza habari ya "Itsumo nando demo". Mtunzi wake si Hisaishi, na chombo kinachosikika si piano.

---

Mwalimu wa Solfa

Kweli, nilikuwa nimeiweka kiporo, maana ndiyo naipenda kuliko zote.

Mtunzi na mwimbaji ni Youmi Kimura. Alipotoka kutazama Princess Mononoke alimwandikia Miyazaki barua. Miyazaki alikuwa na wazo la filamu nyingine, Kimura akatunga wimbo huu kwa ajili ya wazo hilo, na filamu ile ikaachwa. Wimbo ukabaki bila nyumba. Baadaye Miyazaki akauchukua akauweka mwisho wa Spirited Away, filamu ya 2001 iliyoshinda Dubu wa Dhahabu Berlin na Oscar. Okestra nzima ya Hisaishi imeshapiga saa mbili, halafu majina yanapopanda anabaki mwanamke mmoja na kinubi chake.

Anajipigia mwenyewe anapoimba. Kinubi chake ni cha kisasa cha aina iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1920, unakipakata na kukikwanyua kwa vidole vitupu. Ndugu zangu wa Kisumu watakitambua umbo, kwa sababu nyatiti ni wa ukoo huohuo wa vinubi. Tena nyatiti anayeimba ndiye anayepiga, kama Kimura.

Nilimwomba jirani yangu mmoja Mjaluo mwenye nyatiti yake nyumbani tujaribu. Nyuzi ni nane tu, kwa hiyo hatukupiga wimbo wote. Tulizikaza nyuzi tukachagua do, re, mi, so, la za chini na juu, yeye akawa anazungusha moja mbili tatu, mimi naimba juu yake. Penye fa na ti, nyatiti inanyamaza na sauti inapita peke yake. Yeye nyatiti yake kaizoea kwa mwendo wa mbio, na dakika kumi za kwanza mguu wake, ule unaogonga mapigo, ulikataa kabisa kwenda polepole. Ulipokubali, mke wake alizima jiko akaja kukaa mlangoni.

---

Udi wa Ng'ambo

Mwalimu, hiyo nyatiti irekodini. Hata kwa simu.

---

Mwalimu wa Solfa

Nitafanya hivyo, mzee wangu, shikamoo.

Taarifa ya Jumamosi ya leo kabla sijalala. Watoto tisa walikuja, mvua iliwazuia watatu. "Sanpo" wameumaliza ubeti wa kwanza na wa pili. Ng'a ya "kang'ayaku" imewatoka vizuri kuliko nilivyotegemea, mvulana mmoja ameiomba kila mara aiongoze yeye. Kwenye "yonde iru" walikuwa bado wanaiminya ile n, wanaimba noti nne badala ya tano, na nilikuwa nimekosa namna ya kuwaeleza. Yule msichana wa darasa la sita akasema, "Mwalimu, tuimbe ni kama 'n' ya nne, tukiwa tunahesabu moja, mbili, tatu, n-ne." Wakahesabu. Wakaimba. Noti tano.

Solfa ya alto ya "Kimi wo Nosete" naiandika kesho baada ya ibada, anayeitaka aseme hapa chini anaimba sauti gani.